Kiti cha Nne Kikiwa Wazi

Wanachama mnaopita Hötorget kununua matunda mnalijua Konserthuset, lile jumba la buluu la muziki. Humo hutolewa Tuzo za Nobel kila Desemba 10. Mwaka 2000 alituzwa Msweden Arvid Carlsson kwa utafiti wa dopamini, uliofungua njia ya kutibu ugonjwa wa Parkinson kwa L-dopa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya William Knowles, Mmarekani wa kampuni ya Monsanto, aliyewezesha dawa hiyohiyo kutengenezwa kiwandani. Alitumia rodiamu, metali adimu, iliyofungamana na fosfini.

Asili ya njia hiyo ni kichocheo cha Geoffrey Wilkinson, mshindi wa Nobel wa 1973. Ndani yake atomu ya rodiamu ina majirani wanne: fosfini tatu na klorini moja. (Wakemia husema ligandi, walimu wetu wa istilahi watanisamehe nikisema jirani.) Wanne hao ni kama wacheza karata barazani: mchezo umetimia, apitaye hupita tu. Kichocheo kikiyeyushwa, mara mojamoja fosfini moja huinuka. Rodiamu iliyobaki na majirani watatu haitulii. Hidrojeni ikikaribia hunaswa, kwa kasi inayozidi mara 10,000 ya ile ya rodiamu yenye majirani wanne. Ukiongeza fosfini chupani kazi huzorota, maana kiti kimepata mtu tena.

Sasa, L-dopa ina pacha wake. Wanafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, lakini mmoja tu ndiye amsaidiaye mgonjwa ambaye mwili umemkakamaa na mikono inatetemeka. Zamani viwanda vilitengeneza wote wawili, kisha vikahangaika kuwatenganisha. Knowles akaiwekea rodiamu fosfini ambayo nayo ina ukulia na ukushoto, DIPAMP, na kati ya molekuli 100 zaidi ya 97 zikawa za upande unaotakiwa.

Kinachonifurahisha zaidi ni alichogundua Jack Halpern baadaye. Kabla ya hidrojeni kuingia, rodiamu huikamata malighafi kwa namna mbili: moja imara na nyingi, nyingine dhaifu na chache. Ungedhani iliyo nyingi ndiyo izaayo dawa. Sivyo. Ile chache, isiyotulia, huipokea hidrojeni upesi mno, ikamaliza kazi wakati mwenzake angali amekaa.