Picha za Sebuleni Lubumbashi na Namna ya Kuzisoma

Ukitaka kujua wakazi wa mji wanauonaje mji wao, tazama picha walizozinunua kwa mishahara yao wenyewe. Picha za watalii hueleza mgeni alitaka kuona nini. Picha iliyotundikwa sebuleni kwa mfanyakazi wa mgodi ni habari nyingine, na Lubumbashi, kusini mwa Kongo, imetuachia hazina kubwa ya picha za namna hiyo.

Mji huo ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville, na sababu ilikuwa shaba. Kampuni ya Union Minière ilijenga kiwanda cha kuyeyushia madini, ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Wazungu walikaa upande wao, Waafrika wakapangiwa mitaa yao, na katikati pakaachwa ukanda mtupu wa kuwatenga. Kutoka katika mitaa hiyo, Kamalondo, Katuba, na mwingine unaoitwa Kenya, ulitoka umma mpya wa mjini uliounganishwa na ajira na lugha ya Kiswahili. Baada ya uhuru, umma huo ulipopata senti za kupamba nyumba, wakatokea wachoraji wa kuuhudumia.

Kazi yao ilikuwa ya mikono myepesi na gharama ndogo. Gunia la unga lilikazwa kwenye fremu ya mbao, likapakwa rangi ya chini, kisha mchoro ukafuata. Mchoraji alibeba kazi zake na kuzipitisha kwa wateja, au akapokea oda. Mada iliyopendwa aliirudia mara nyingi kadiri wateja walivyoitaka. Hapo ndipo mtazamaji aliyezoea majumba ya sanaa hukosea: huona marudio, akadhani ubunifu umekwisha. Mnunuzi wa Katuba hakutafuta picha ambayo haijapata kuonekana. Alitaka picha ambayo yeye na wageni wake wangeitambua mara moja, ili mazungumzo yaanze. Watu wenyewe walisema picha nzuri ni ile yenye ukumbusho, na hicho ndicho kipimo tunachopaswa kukitumia tunapozitazama.

Chukua picha ya mamba muntu, iliyopendwa kuliko nyingi. Ni kiumbe wa majini, nusu mwanamke nusu samaki, ambaye humpa mtu utajiri kwa masharti mazito ya siri. Ukiitazama kama hekaya ya kijijini utapitwa na maana yake. Ni picha ya mjini kabisa. Katika mji ambao jirani anaweza kutajirika ghafla na asieleze fedha zimetoka wapi, mamba muntu aliwapa watu njia ya kujadili mali, tamaa na gharama yake bila kumtaja mtu kwa jina.

Au chukua ile iliyoitwa Colonie belge, yaani Koloni ya Ubelgiji. Mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa kiboko, ofisa Mbelgiji amesimama anatazama. Picha hii ilitundikwa majumbani zaidi ya miaka kumi baada ya Wabelgiji kukabidhi madaraka. Kwa nini mtu akae na mateso ukutani mwake? Tazama aliyeshika kiboko. Chini ya utawala wa Rais Mobutu, aliyeitawala nchi wakati huo, haikuwa salama kuuliza hadharani kwa nini askari wa nchi yako anakupiga. Picha ya zamani iliweza kuulizia ya sasa, na mwenye nyumba akabaki salama, kwa kuwa maandishi ya kwenye picha yalisema wazi kwamba hayo ni mambo ya ukoloni.

Aliyeupeleka utamaduni huu mbali zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947. Aliishi kwa kuchora mada zilizouzika, lakini alijiona zaidi kuwa mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Fabian akawa mteja ambaye yuko tayari kununua historia yote. Tshibumba akachora mfululizo wa picha zipatazo mia moja, kutoka enzi za mababu hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati wake, na kila alipoleta fungu moja walikaa wakazungumza kwa Kiswahili cha Lubumbashi huku kinasa sauti kikifanya kazi.

Katika picha hizo historia ya taifa inapita mitaani kwake. Wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi na askari katika mgomo wa Desemba 1941 wamo, kwa sababu mauaji hayo yalitokea mjini kwake. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, naye aliuawa karibu na mji huo, tarehe 17 Januari 1961, na Tshibumba alipochora kifo chake aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Mtazamaji aliyelelewa kanisani hahitaji kuambiwa zaidi: mauaji ya kisiasa yamegeuzwa sadaka, na Lumumba, pamoja na Mpolo na Okito waliouawa naye, wamewekwa Golgotha.

Habari za Tshibumba zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha alizomchorea Fabian ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum, na kitabu cha Fabian juu yake kilitoka mwaka 1996. Sauti iliyonaswa imetufaa kuliko tunavyodhani. Bila maneno ya mchoraji, tungebaki na nyuso zisizo na majina na kukisia wenyewe. Kwa kuwa maneno yapo, tunajua alikusudia nini, alitilia shaka nini, na alikwepa kusema nini.

Hilo ndilo nililotaka kulisisitiza, kwa sababu linatuhusu leo. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kinshasa wamo wachoraji wanaochora matatu, bodaboda, baa, foleni za maji na vibanda vya mitaa yao. Kazi zao hununuliwa, husafirishwa, na mara nyingi huambatana na jina, mwaka na vipimo tu. Picha ya mtaa ilizaliwa katika mazungumzo, na ikitenganishwa nayo hupoteza nusu ya maana. Anayenunua picha, awe mtu binafsi au jumba la sanaa, na amketishe mchoraji, amuulize ni mtaa gani, ni nani hawa, jambo gani lilikuwa likisemwa wakati ule, kisha ayahifadhi majibu kwa lugha ile ile aliyojibiwa. Simu ya mkononi inatosha. Watakaoandika historia ya miji yetu miaka hamsini ijayo watayahitaji majibu hayo, na wakati wa kuyapata ni sasa, wachoraji wakiwa hai.