Kleopa

Kleopa (pia: Cleopa, Kleofa au Cleophas) ni jina la kiume lenye asili ya Kigiriki. Hutumiwa hasa na Wakristo.

Asili na maana

Kleopas ni kifupi cha jina la Kigiriki Kleopatros, lililoundwa kwa maneno kleos (sifa, utukufu) na pater (baba). Hivyo maana yake ni "utukufu wa baba". Kleopatra, jina la malkia maarufu wa Misri ya kale, ni umbo la kike la jina hilohilo.

Katika Biblia

Kadiri ya Injili ya Luka (24:13-35), Kleopa alikuwa mmoja wa wanafunzi wawili waliokwenda Emau siku ya ufufuko. Yesu aliungana nao njiani, lakini hawakumtambua mpaka alipoumega mkate. Jina la mwenzake halikutajwa.

Injili ya Yohana (19:25) inamtaja Mariamu wa Klopa. Wataalamu wengi huona kwamba Klopa ni jina la Kisemiti, si la Kigiriki. Hata hivyo Vulgata, Biblia ya Kilatini, katika toleo la mwaka 1592 iliandika Cleophas kwa wote wawili. Tangu kale wengi wamewaona kuwa mtu mmoja, ingawa Injili zenyewe hazisemi hivyo.

Katika lugha mbalimbali

- Kifaransa: Cléophas
- Kihispania: Cleofás
- Kiingereza: Cleopas, Cleophas
- Kiitalia: Cleofa
- Kijerumani: Kleopas, Kleophas
- Kipolandi: Kleofas

Maumbo yenye p yanafuata Kigiriki. Yale yenye ph au f yamepitia Kilatini.

Afrika

Nchini Tanzania jina hili linajulikana hasa kutokana na Cleopa David Msuya (1931–2025), Mpare kutoka Usangi, katika milima ya Upare Kaskazini, wilaya ya Mwanga, ambamo pia imo sehemu ya Ziwa Jipe. Alikuwa Waziri Mkuu mara mbili: 1980–1983 na 1994–1995. Jina lake lina p kama Kleopa wa Biblia ya Kiswahili, lakini linaanza kwa C, herufi ambayo kwa kawaida Kiswahili hukitumia pamoja na h tu.

Nchini Kenya yanapatikana maumbo yote mawili: Cleopa Mailu alikuwa Waziri wa Afya, na Cleophas Malala seneta wa Kakamega. Huko Kongo mwanasiasa Cléophas Kamitatu aliitwa kwa umbo la Kifaransa.