Kamati ya maji inaponunua kifaa cha kupima kisima

Pampu ya kisima kirefu huungua bila kelele. Kiangazi kinapokaza, maji hushuka kisimani, pampu huendelea kuzunguka bila maji ya kuipoza, na kamati hupata habari siku ambayo mifereji imekauka. Gharama ya kuitoa pampu ardhini na kununua mota nyingine humrudia mkaazi anayenunua maji kwa mtungi.

Kamati ya kisima, iwe Rongai, Subukia au Gilgil, inaweza kuiona hatari hiyo mapema ikiweka rekodi ya mambo matatu: maji yako kina gani, pampu imefanya kazi saa ngapi na mita imepitisha lita ngapi. Daftari na kalamu ni mwanzo mzuri, ila usiku hakuna anayeandika. Kidhibiti kidogo cha viwandani, ambacho mafundi hukiita PLC, huandika kila baada ya dakika chache na pia kinaweza kuizima pampu maji yakipungua.

Anzeni na kihisi kabla ya kuchagua kidhibiti. Kihisi cha kina cha maji kinachofaa zaidi ni kile kinachotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Tuseme kimetengenezwa kupima mita 50 za maji juu yake. Kikionyesha 4, hakuna maji juu yake. Kikionyesha 20, zipo mita 50. Kikionyesha 12, zipo mita 25. Mbona kisianzie sifuri? Kwa sababu sifuri imewekewa kazi nyingine: inaonyesha kuwa waya umekatika. Bila tofauti hiyo, waya uliotafunwa na panya ungeonekana kama kisima kilichokauka. Isitoshe, mkondo haupungui kwa sababu ya urefu wa waya jinsi volti zinavyopungua, na kutoka kisimani hadi chumba cha pampu waya huwa mrefu.

Sasa kidhibiti. Vijana wetu waliosomea ufundi wanazijua bodi za Arduino Uno, na kwa kujifunzia hazina mpinzani: bei ni nafuu na programu yake ni ya bure. Lakini bodi hiyo huja bila kasha, nyaya zake huchomekwa tu bila kufungwa kwa skrubu, na milango yake hupokea volti 5 pekee. Kwa chumba cha pampu chenye vumbi na unyevu, kinachofaa ni kifaa cha kasha gumu, skrubu za kufungia nyaya na umeme wa volti 24. Mifano ni LOGO! ya Siemens na Opta ya Arduino. Hatupigii debe kampuni yoyote. Hii ni mifano tu ili muelewane na muuzaji.

Hapo kuna mtego. LOGO! ya volti 230 huvutia kwa sababu huunganishwa moja kwa moja na stima, lakini haina mlango wa kupokea kipimo kinachopanda na kushuka. Inajua kuwashwa na kuzimwa tu. Aina ya volti 12/24 inao, ila unapokea volti 0 hadi 10. Ili kusoma miliampea 4 hadi 20, ongezeni kipande cha ziada kiitwacho AM2. Kiandikwe kabisa kwenye ombi la bei, la sivyo mtakigundua baada ya kulipa. LOGO! 8 huhifadhi rekodi kwenye kadi ya microSD, na faili hilo hufunguliwa kwa kompyuta kama jedwali la kawaida.

Stima ikipotea, rekodi hukatika. Betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 24, na paneli ndogo ya sola inaweza kuzichaji. Wekeni pia kinga ya radi kwenye waya wa kihisi, pamoja na waya wa ardhini.

Kabla ya kulipa salio, fundi akabidhi kamati nakala ya programu, neno la siri na mchoro wa nyaya. Nakala moja ibaki kwa mweka hazina, nyingine ifungiwe ndani ya kasha la kidhibiti. Kisha mwambieni akate waya wa kihisi mbele yenu: kidhibiti kionyeshe hitilafu na pampu isimame.