Daraja la Wanyama Mjini Singapore

Singapore ni mji na nchi pamoja, na majumba yake yamesongamana sana. Hata hivyo msitu wa asili ungali upo Bukit Timah, kilima cha mita 163 tu, nacho ndicho kirefu kupita vyote huko. Mwaka 1986 barabara kuu ilimalizika, ikaukata msitu huo vipande viwili. Kakakuona, mnyama wa mwendo wa polepole, akawa akikanyagwa na motokaa usiku. Basi mwaka 2013 daraja la mita 62 likakamilika juu ya barabara, likajazwa udongo na kupandwa miti. Mkulima atashangaa: gharama kubwa hivyo, na si daraja la watu! Lakini kamera zilizotegwa hapo zimekwisha kuwapiga picha kakakuona wakipita.