Fangasi za Ukeni: Choo cha Jirani Hakina Kosa (Sehemu ya 3)

Juma lililopita tulimalizia na maambukizi ya njia ya mkojo. Leo tuje kwenye jambo ambalo akina mama wa eneo la Juru husimuliana kwa kunong'ona: ukeni kunawasha, mkojo unachoma unapopita, na uchafu mweupe unatoka, mzito kama maziwa mgando. Hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kaya zinakochangia vyoo, lawama yote hubebeshwa choo. Choo kichafu kina dhambi zake, kuhara na kipindupindu, ila hii si yake.

Fangasi anayehusika, Candida albicans, huishi ndani ya wanawake wengi wasijue kama yupo. Bakteria wema wa ukeni ndio wanaomzuia asizidi. Wakiuawa, yeye hupata nafasi. Na anayewaua mara nyingi ni sisi wenyewe: mama ana kikohozi, ananunua amoksilini dukani, na baada ya siku chache muwasho unaanza. Anarudi dukani kulekule, anapewa metronidazoli, dawa isiyomgusa fangasi hata kidogo. Mimba, kisukari na kinga iliyoshuka kwa sababu ya VVU navyo humfungulia mlango.

Harufu ndiyo ya kuangalia. Fangasi kwa kawaida hawanuki. Harufu ya samaki huashiria maambukizi ya bakteria. Uchafu wa manjano au kijani wenye povu huenda ni trikomona, ambayo huambukizwa kwa ngono. Kukisia ni kugumu kuliko tunavyodhani. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wanawake 95 waliojinunulia dawa ya fangasi walipimwa, na ni kama theluthi moja tu waliokuwa na fangasi peke yake. Hao dawa yao ina boksi na maelezo; sembuse sisi tunaofungiwa vidonge kwenye kipande cha karatasi?

Tiba yenyewe ni rahisi: klotrimazoli ya kuweka ukeni, au flukonazoli ya miligramu 150, kidonge kimoja. Mjamzito asimeze flukonazoli. Atumie klotrimazoli kwa siku atakazoelekezwa. Ndimu, kitunguu saumu na sabuni visiingizwe ndani, huunguza tu.

Nenda kituo cha afya cha Juru ikiwa ni mara yako ya kwanza, una mimba, una homa, vidonda au maumivu chini ya kitovu, unatokwa damu isiyo ya hedhi, au wiki imepita na dawa haijasaidia. Ikikurudia mara kwa mara ndani ya mwaka mmoja, omba upimwe kisukari na VVU. Kesi ngumu hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, basi hofu ya gharama isikuzuie. Na kama mhudumu hajui Kiswahili, omba mkalimani mwanamke. Usimchukue mwanao akutafsirie mambo haya.

Juma lijalo: trikomona, na kwa nini mume naye lazima anywe dawa.