Saa ya babu, kanga za bibi: Nani apewe?

AROBAINI ikishapita na wageni wakishaondoka, wafiwa hubaki na kazi ambayo haikuwamo katika ratiba ya msiba. Sanduku la marehemu hufunguliwa. Nyumba na kiwanja vina hati zake, na fedha za benki zina utaratibu wake. Lakini ndani ya sanduku mna doti za kanga zilizofukizwa udi, saa ya mkononi iliyokwishasimama, tasbihi au rozari, picha za studio zilizofifia na pengine barua chache. Sokoni vitu hivi havina bei ya maana. Ndani ya familia, hata hivyo, vinaweza kuwafanya ndugu wa tumbo moja wasisalimiane kwa miaka.

Ugumu unaanzia hapa: anayekijua zaidi kitu hicho mara nyingi si mrithi. Ni binti wa kazi aliyemwuguza bibi hadi siku ya mwisho, mtoto wa kulea, shoga yake wa tangu usichana, au kijana aliyejifunza ufundi wa cherehani kwa babu na ndiye pekee anayejua mkasi ule ulinunuliwa wapi. Sheria humtazama mtu kwa nasaba au ndoa. Haina safu ya kuandikia mapenzi.

Kwa mujibu wa mirathi ya Kiislamu, gharama za maziko zikishatolewa, madeni yakishalipwa na wasia ukishatekelezwa, kila kilichobaki ni mali ya warithi kwa mafungu maalumu. Kanzu imo, na kanga imo. Hivyo dada mkubwa anayefungua kabati siku ya tatu na kuwagawia majirani nguo za mama, hata kwa nia njema, anagawa mali ya watu ambao huenda hawajaulizwa. Akiwamo mrithi ambaye bado ni mtoto mdogo, tahadhari huzidi, kwa kuwa hakuna awezaye kutoa sadaka fungu la mtoto huyo kwa niaba yake.

Mlango kwa asiyekuwa mrithi ni wasia, ambao hauvuki theluthi ya mali, na haumhusu mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Mtoto wa kulea, ambaye kwa sheria hiyo hana fungu, anaweza kuachiwa kitu kwa njia hii.

Kwa familia zinazofuata sheria za kimila Tanzania Bara, kanuni za wosia zilizotangazwa mwaka 1963 zinatambua hata wosia wa mdomo, mradi washuhudie watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, pamoja na mke au wake wa mwosia waliopo nyumbani. Maneno ambayo bibi alimnong'oneza mjukuu mmoja jikoni hayafiki hapo. Wengi hugundua hilo katika kikao cha ukoo, mjukuu anaposimama na kusema "aliniambia mwenyewe" na wajomba wakatazamana.

Mahakama ya Mwanzo nayo humtaka msimamizi wa mirathi awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Ni nadra kukuta tasbihi katika orodha hiyo, na pengine ni heri, maana orodha hupanga vitu kwa thamani ya fedha.

Mfano wa thamani ya namna nyingine ni ule wa Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na baadaye kuitwa Emily Ruete. Alifariki dunia nchini Ujerumani mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar, ambao alizikwa nao. Msimamizi wa mirathi angeuandikia shilingi ngapi?

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni mwenye kitu kukitoa mwenyewe angali hai na mwenye afya. Katika sheria ya Kiislamu hiyo ni hiba, nayo hutimia pale mpewaji anapokipokea kitu mkononi. Kusema "saa hii ni yako nikifa" si hiba. Huo ni wasia, na unarudi kwenye theluthi. Hata zawadi inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Kwa hiyo bibi anayetaka kanga zake ziende kwa yule binti aliyemwuguza afadhali ampe leo, mbele ya watoto wake, na aeleze sababu. Ile sababu ndiyo inayokata maneno baadaye, kuliko hata idadi ya mashahidi.

Kanga, kwa bahati njema, inasaidia. Doti ni vipande viwili vyenye jina lile lile, na wako akina mama wanaompa binti kimoja na shoga yao cha pili. Picha nazo zinaweza kunakiliwa kwa simu, kila mmoja akapata yake, ugomvi ukabaki juu ya ile ya asili tu. Saa haikatwi.

Ikiwa mwenyewe ameshaondoka bila kusema, warithi watu wazima wanaweza kukubaliana kitu fulani kitoke nje ya mafungu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kupiga kura au kufuata umri kunafaa kwa masufuria na viti. Kwa saa ya babu swali ni moja: nani anaweza kusimulia habari zake? Mara nyingi kikao chenyewe kinamjua, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumtaja mtu wa nje.

Naye aulizwe kabla ya kukabidhiwa. Wako waliouguza kwa miaka miwili ambao hawatamani tena kuiona kanga ile, na aliyepanga chumba kimoja Manzese hana pa kuweka cherehani ya miguu. Akikataa, asilazimishwe, na akipokea kisha miaka ikapita akampa mwingine, watoto wa marehemu hawana tena la kudai.