Matanga Yakishaondolewa: Kumtunza Aliyefiwa Baada ya Wageni Kurudi Makwao

Katika vijiji vya Kaunti ya Kilifi, mtu anapofariki familia yake haiachiwi msiba peke yake. Turubai hufungwa, sufuria kubwa huazimwa, majirani hulala uani kwenye mikeka, na akina mama wa chama huchanga unga, sukari na kuni kabla hata ya kuombwa. Kwa siku kadhaa aliyefiwa hapiki, halali peke yake, wala hakosi mtu wa kumshika mkono anapolia. Lau wataalamu wa afya ya akili wangeombwa kuandika mpango wa kumsaidia mtu aliyepatwa na mshtuko, wasingeandika mengi zaidi ya hayo.

Shida huanza matanga yakishaondolewa. Turubai hurudishwa kwa mwenyewe, jamaa wa Mombasa na Nairobi hupanda magari, na mjane hubaki na watoto, deni la jeneza na ukimya ambao hakuwahi kuusikia nyumbani mwake. Msaada wote ulimwagika katika siku ambazo hata hakuwa na fahamu za kuupokea. Sasa fahamu zimerudi, na watu hawapo.

Huzuni ya msiba si ugonjwa. Aliyefiwa anaweza kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula, kusahau kama ameshatia chumvi mchuzini, kukasirikia hata marehemu mwenyewe kwa kuondoka, au kuhisi amesikia sauti yake akiita kutoka uani. Hayo huwapata watu wengi wenye akili timamu. Huja kama mawimbi: asubuhi mtu anacheka na mteja sokoni, jioni anaona kandambili za marehemu mlangoni na kuanza upya. Si dalili ya wazimu, na si dalili ya imani haba.

Kinachohitajika katika majuma hayo ni vitu vidogo vinavyorudiwa kila siku. Kula, hata kidogo, na ikiwezekana kula na mtu mwingine, kwa sababu anayekula peke yake huacha sahani upesi. Kulala na kuamka saa zile zile, hata kama usingizi wenyewe haukuja. Kutoka nje kupata jua, kwenda shambani au kisimani. Mwili unaoshughulika mchana hupata usingizi kwa urahisi zaidi usiku, na akili iliyolala hubeba huzuni vizuri kuliko iliyokesha.

Majirani nao wana kazi yao. Maneno "ukihitaji chochote, niambie" husemwa kwa nia njema lakini huzaa kidogo, kwani aliyefiwa hana nguvu ya kufikiria anahitaji nini, na kuomba kunaona haya. Afadhali kumwambia, "Jumatano nitakuja na maji mitungi miwili," kisha kuja kweli. Chama kinaweza kupanga zamu ya kumtembelea kila juma, kwa miezi mitatu badala ya siku tatu. Na jina la marehemu litajwe. Wengi hulikwepa wakidhani wanamhurumia mjane, kumbe yeye huona kana kwamba mumewe amezikwa mara ya pili.

Kwa mjane Mwislamu, eda ya miezi 4 na siku 10, au hadi ajifungue ikiwa ni mjamzito, humpa muda wa kuomboleza ambao hakuna anayeweza kumharakisha kuumaliza. Hata hivyo, kukaa ndani hakumaanishi kukaa bila watu, na kwenda hospitali anapougua ni dharura inayoruhusiwa. Viongozi wa dini, msikitini na kanisani, ndio wanaoaminiwa zaidi wakati huu. Dua na sala humpa mtu mahali pa kuuweka uzito asioweza kuumaliza kwa maneno. Lakini aliyefiwa akiuliza kwa nini Mungu ameruhusu, aachwe aulize. Kumjibu upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu, hata kama ni kweli, mara nyingi humfunga mdomo kabla hajasema lililomjaa.

Wanaume husahaulika sana. Baba aliyefiwa na mke hupewa pole makaburini, kisha hutarajiwa kurudi baharini au kwenye bodaboda. Wengine hupeleka huzuni mangweni. Pombe humlaza mtu, ila usingizi wake huvunjika usiku wa manane na kumwacha mzito zaidi kesho yake.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno mepesi: amekufa, hatarudi, na si kosa lako. Mtoto anayeambiwa mama amesafiri atakaa akimngojea, na huenda akaogopa kila mtu anayefunga safari.

Ziko pia familia zinazoomboleza bila kaburi. Bahari wakati wa kusi imewachukua wavuvi ambao miili yao haikuonekana. Na baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa Shakahola kuanzia Aprili 2023, familia nyingi zilikaa muda mrefu zikisubiri majibu ya vipimo vya DNA. Msiba wa namna hii hauna siku ya kuondoa matanga. Familia inaweza kufanya ibada ya kumkumbuka mpendwa wao bila kungoja mwili, na kufanya hivyo si kumkatia tamaa.

Ni lini basi huzuni inahitaji mhudumu wa afya? Ikiwa kwa majuma 2 mfululizo mtu hapati raha ya chochote, hali, halali, anajiona hana thamani au hawezi kuhudumia watoto wake, aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko ataulizwa maswali machache kuhusu majuma hayo 2, na kulingana na majibu atapewa ushauri nasaha, dawa, au rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Huzuni inayobaki kali vile vile baada ya miezi 6, hata ikamzuia mtu kuishi, nayo ichunguzwe. Anayeshindwa kwenda anaweza kumwita mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake amwelekeze.

Akisema anataka kumfuata marehemu, asingojewe hata siku moja. Aulizwe wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, dawa za shambani na kamba ziondolewe, na apelekwe hospitali. Familia zingine zimekuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa wa kutibiwa.

Anayetaka kuzungumza na mshauri kwa simu anaweza kupiga 1199, laini ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo. Hata jirani anayemhofia mwenzake anaweza kupiga na kuuliza afanye nini.